Siku moja na jengo la ghorofa tano

Saa 11 alfajiri natoka Kenya (mtaa wetu hapa Lubumbashi, si nchi), na saa 12 nafungua geti la jengo langu, karibu na Posta. Watu huniita sentineri. Sawa, mlango nalinda, lakini hiyo ndiyo kazi ndogo.

Saa 1 nafagia na kudeki ngazi zote 92. Lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Shimo lake linapitisha nyaya za intaneti. Jengo ni la miaka ya 1950, mji ukiitwa Élisabethville, ofisi za Wazungu juu hadi chini. Leo chini wanauza simu, ya pili wanashona, ya nne wanafundisha kompyuta, na ukumbi wa wakurugenzi huko juu kabisa ni wa maombi.

Kisha bidoni za lita 20 begani hadi saa 4, kwa sababu maji hayapandi.

Saa 5 umeme ukakatika. Yule wakala wa forodha wa ghorofa ya tatu akaniita. Malori yakimkwamia mpakani Kasumbalesa, hasira hunishukia mimi.

"Papa, mnatupika humu!"

Ukuta wake wa magharibi ni wa matofali ya matundu, klostra. Yote kayaziba kwa mbao za tripleksi, ati ubaridi wa kiyoyozi usitoke. Umeme ukienda, amekaa ndani ya sanduku, na joto la mwezi wa kumi!

"Shefu, tuitoe hii mbao. Matundu yanakata jua na kuingiza hewa, ikatokee kile kidirisha juu ya mlango."

"Na vumbi kwenye hati zangu?"

"Litafutwa."

"Wewe ni sentineri ao injinia?"

Tukabishana mpaka shati likanigandia mgongoni. Mwishowe akaniruhusu ubao mmoja. Nikang'oa misumari, likaanguka vumbi, na kiota kikavu cha ndege. Tukasubiri. Karatasi moja mezani ikainua pembe yake, ikalala, ikainua tena. Akaiwekea kalkuleta juu. Asante sikuisikia.

Baadaye sikutazama tena saa. Waumini walitaka maji ya kunawa, jenereta ya duka ikanguruma, magoti yakalalamika. Bidoni tena.

Giza limeingia, nashika kufuli, wakala anashuka wa mwisho na faili kwapani.

"Papa, kesho utoe na ile ingine. Lakini vumbi utafuta wewe."