Sauti ya bibi, na wikendi ile ya Septemba

Mwaka juzi nilikuwa nafanya zile kazi za mtandaoni za kufundisha akili mnemba (AI) Kiswahili, wenzangu wengi wa Mombasa na Nairobi mnazijua, unaletewa kisauti cha sekunde kumi hivi, unasikiliza, unaandika kilichosemwa, alafu unachagua "sawa" au "makosa", ukibonyeza inakuja nyingine, na hivyo hivyo mpaka macho yanawasha. Siku moja nikaletewa sauti ya bibi mmoja, bila shaka ni mtu wa pande zetu hizi, akasema "shika ndia ya baharini, angalia kwa mato yako". Kimvita kitupu, Kiswahili cha Mombasa, ndia ni njia na mato ni macho, vile vile alivyokuwa akiongea nyanya yangu Kisauni. Na mwongozo tuliopewa ulikuwa wazi, neno ambalo halimo kwenye orodha yao liwekwe makosa. Nikairudia ile sauti mara nne. Mwisho nikabonyeza "makosa", manake ukipingana na mwongozo alama zako zinashuka na taski haziji tena.

Bado inaniuma mpaka leo. Kuna mashine mahali imefundishwa kwamba yule bibi hajui Kiswahili, na aliyeifundisha ni mimi.

Miezi miwili baadaye akaunti yangu ikafungwa. Asubuhi nafungua laptop naambiwa nimevunja masharti, sharti gani hawasemi, na mle ndani kulikuwa na malipo yangu ya wiki mbili, dola 46. Nikaandika imeli ikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, majibu yale yale neno kwa neno. Nikamtafuta wakala aliyetuandikisha hapa, akaniambia dadangu sisi ni mawakala tu, wenye kampuni wako ng'ambo na ule mkataba ulioukubali unasema ukiwa na kesi utaenda kuifungua huko kwao.

Ndo maana mtu akiniambia mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu akili mnemba ni mambo ya wakubwa, haituhusu sisi, huwa nabishana naye mpaka chai inapoa. Sheria ya kulinda data Kenya tunayo tangu 2019, Tanzania wana yao ya 2022, na ni sheria nzuri tu, lakini sheria ya nchi ni vigumu kuisimamia nje ya mpaka na hii kazi tangu mwanzo imepangwa ivuke mipaka, anayelipa yuko kwengine, seva ziko kwengine, wakala yuko kwengine, na wewe uko Kisauni na bando lako. Bila nchi kukubaliana hakuna atakayekusikiliza.

Kuna wikendi moja ya Septemba 2024 siisahau. Ijumaa tarehe 20, Mahakama ya Rufaa Nairobi ikazikataa rufaa za Meta, wenye Facebook, na kusema kampuni hiyo inaweza kushtakiwa hapa hapa Kenya. Kesi ya kwanza aliifungua Daniel Motaung mwaka 2022, kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa Nairobi akichuja maudhui ya Facebook chini ya kampuni ya kandarasi, yani kazi ya kutazama yale mambo mabaya yasiyotazamika ili wewe na mimi tusiyaone, alafu 2023 wakafuata wachujaji wengine zaidi ya 180 na kesi yao. Hoja ya Meta ilikuwa kwamba wao ni kampuni ya nje, hawana makao Kenya wala hawafanyi biashara hapa, kwa hivyo mahakama zetu haziwahusu. Niliposoma nikasema, lo, si ndo maneno ya wakala wangu haya! Tofauti ni kwamba wale walikuwa na mawakili na mahakama ikawajibu kwamba kesi itasikizwa.

Siku mbili baadaye, Jumapili tarehe 22, Baraza Kuu kule New York likapitisha Mkataba wa Zama Zijazo, na ndani yake kama kiambatisho kuna Mkataba wa Kidijitali wa Kimataifa, mara ya kwanza nchi zote za Umoja wa Mataifa kukaa na kuandika pamoja akili mnemba isimamiwe vipi, data vipi, intaneti iwafikie vipi ambao hawana. Na watu wengi hawajui Afrika ilifanya nini siku ile. Mazungumzo ya ule wa kidijitali yaliongozwa na Zambia pamoja na Sweden, ule mkubwa ukaongozwa na Namibia pamoja na Ujerumani. Sasa imefika siku yenyewe ya kupitisha, Urusi ikaja na marekebisho, inataka kiongezwe kipengele kwamba Umoja wa Mataifa usiingilie mambo ya ndani ya nchi, na kazi ya karibu miaka miwili ikawa iko njia panda. Congo Brazzaville ikasimama kwa niaba ya nchi za Afrika ikaomba marekebisho hayo yasishughulikiwe kabisa. Wakapiga kura, 143 wakakubaliana na Congo, 7 wakapinga, 15 hawakuegemea upande. Mkataba ukapita. Nilitazama kwenye simu na nilijisikia vizuri sana siku ile, nasema kweli.

Na kwa nini ni muhimu kazi hii ifanyike Umoja wa Mataifa na sio kwengine? Mwezi ule ule jopo la washauri wa Katibu Mkuu lilitoa ripoti, wakachukua mipango saba mikubwa ya kimataifa kuhusu usimamizi wa akili mnemba iliyofanywa nje ya Umoja wa Mataifa wakahesabu nani yumo. Nchi zilizomo kwenye yote saba ni 7. Nchi ambazo hazimo hata kwenye mmoja ni 118, nyingi zao ni za huku kwetu kusini. Tamko la ule mkutano wa akili mnemba wa Uingereza wa Novemba 2023 pale Bletchley lilisainiwa na nchi 28 na Umoja wa Ulaya, na kutoka Afrika nzima walikuwa watatu, Kenya, Nigeria na Rwanda. Kwa hivyo Mtanzania, Mkongo, Mrundi, Mganda, mambo yao yalikuwa yanapangwa na wao hawamo chumbani.

Najua ule mkataba wa kidijitali wa Umoja wa Mataifa haumfungi mtu kisheria. Hilo ndo tatizo langu kubwa nao. Wazungu wa Umoja wa Ulaya sheria yao ya akili mnemba ilianza rasmi Agosti 2024, inatumika hatua kwa hatua, na kwa makosa makubwa kabisa faini inafika euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani kote, ikitegemea ipi ni kubwa, ndo maana wakiandika barua wanajibiwa na mtu mwenye jina. Februari 2025 kwenye mkutano wa Paris nchi ziliandika tamko tu, la kusema akili mnemba iwe jumuishi na ya kudumu, Marekani na Uingereza zikakataa hata hilo kulisaini. Na sisi wenyewe tujiangalie, Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na data ulipitishwa 2014, ukahitaji nchi 15 tu ziuridhie ili uanze kazi, ikachukua mpaka Juni 2023. Miaka tisa! Hapo hakuna mzungu wa kumlaumu.

Hata jina hatujakubaliana, Tanzania wanasema akili mnemba, huku kwetu mwengine akili unde mwengine akili bandia, na mimi nishazoea mnemba.

Kinachonipa matumaini ni lile azimio la Baraza Kuu la Agosti 2025, lililosimamiwa na Costa Rica na Uhispania, linaloanzisha jopo la wanasayansi 40 na majadiliano ya nchi zote, Geneva Julai 2026 alafu New York 2027. Nataka mle ndani waingie waliowahi kukaa usiku wakisikiliza sauti mia tatu kwa senti, sio maprofesa peke yao.

Tumekaa sisi watu kumi na mmoja tuliofanya hizi kazi, tukaandika barua ya kurasa mbili tuipeleke kwa serikali kabla ujumbe wa Kenya haujaenda Geneva. Tumeomba mambo matatu: wakala wa hapa awajibike kwa malipo hata kama mwenye kampuni yuko nje, mtu akifungiwa akaunti ajibiwe na binadamu na aambiwe kosa lake, na mwongozo wowote wa kuhukumu Kiswahili upitiwe kwanza na wenye lugha, Kimvita, Kiamu, Kiunguja, Kingwana cha Congo, wote. Kwenye hilo la tatu nilisisitiza sentensi ya yule bibi iandikwe kama ilivyo, na ndia yake na mato yake. Jana tumeipeleka, wakaipokea, nakala yetu wakaigonga muhuri. Nimeitia kwenye karatasi ya plastiki, iko juu ya kabati.