Siku moja maishani mwangu: fundi wa taa za sola

Saa 10 na nusu alfajiri. Fundi wa taa za barabarani huamka na giza, maana mchana nguzo zote zinafanana. Natembea na daftari: ya 4 nzima, ya 7 imefifia, ya 11 imezima.

Ya 11 inanikera. Iko kwenye kona ya njia ya kwenda kituo cha afya, na wajawazito hupita hapo kwa miguu usiku. Mlinzi ananipa habari: "Fundi, hii hata saa 4 haikufika."

Neno hilo linanisaidia kuliko mita. Taa isiyowaka kabisa, naanza na waya, fyuzi na kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri na kuwasha taa. Inayowaka ikazima mapema, betri imechoka au haishibi. Kichekesho ni ile inayong'ang'ania kuwaka mchana kweupe: watu husema imeharibika kwa kuzidi nguvu, kumbe waya wa paneli umekatika. Kontrola nyingi hujua usiku umeingia paneli inapoacha kuleta umeme, kwa hiyo kwake yeye jua halijachomoza.

Saa 2 asubuhi niko juu ya ngazi, mkanda kiunoni. Betri ni ya lithiamu ya volti 12.8, mita inasoma 11.6. Njaa tupu. Nafuta kinyesi cha ndege kwenye kioo, lakini kilichonishtua ni kivuli cha tawi kilicholala juu ya paneli kama mkono. Vipande vya paneli vimeungwa mfululizo; kimoja kikifunikwa, kinabana mkondo wa wenzake. Ndani mna daiodi za kupitisha umeme pembeni, ila hapo unapoteza kundi zima la vipande. Nguzo iliposimikwa, mti huu ulikuwa mche. Hakuna aliyekosea, mti umekua tu.

Mwenye mti hataki kusikia habari ya panga.

"Wanangu wanacheza kivulini hapo, fundi."

"Mama, sitaki mti. Nataka tawi moja."

Tumezungushana karibu saa nzima. Mwishowe kakubali, kwa sharti kwamba achague mwenyewe pa kukata. Kachagua vizuri kuliko mimi.

Saa 5, kituo cha afya. Mafuriko yakija, umeme wa gridi ndio wa kwanza kuondoka na wa mwisho kurudi, ndiyo sababu hapa tuliweka sola. Jokofu la chanjo halinipi tabu: lina paneli zake na halitumii betri, linagandisha barafu mchana ili usiku libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Roho yangu iko kwenye mashine ya oksijeni. Ya lita 5 kwa dakika inakula kama wati 350. Betri zetu ni volti 24, ampea-saa 200, yaani wati-saa 4,800. Nikizitumia kwa asilimia 80, mgonjwa mmoja anapata saa 11 hivi. Usiku mmoja, basi.

Halafu nakuta birika la umeme limechomekwa kwenye soketi nyekundu, ile ya betri hizo.

"Fundi, usiniangalie hivyo, si mimi," anasema Sista kabla sijafungua mdomo.

Nachukua kalamu, naandika ukutani juu ya soketi: birika la wati 2,000 kwa dakika 5 = oksijeni ya karibu nusu saa. Nilishabandika "MARUFUKU" hapo mara mbili, ikachanwa. Naona hesabu inaheshimiwa zaidi.

Saa 8 mchana jua linachoma, na kijana ninayemfundisha anafurahi kwamba leo tutavuna. Namgusisha fremu ya paneli, anarusha mkono. Sola inataka mwanga, joto inalichukia: paneli ikifika nyuzi 60 inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu iliyoandikwa mgongoni, kwa sababu ilipimwa kwenye nyuzi 25.

Kituo cha waokoaji nimepita haraka. Betri za pale ni za madini ya risasi na asidi, nimeongeza maji yaliyosafishwa na kusugua ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake. Redio inakula kidogo ikisikiliza, ikisema inakula sana. Zamu ya leo ni ya wasemaji.

Saa 12 na nusu jioni narudi nguzo ya 11. Tawi limeondoka saa 4 asubuhi, kwa hiyo betri imepata mchana pungufu, na ilikuwa na deni. Nashusha mpangilio: taa ya wati 40 ikiwaka kwa muda wa saa 12 inataka wati-saa 480, ikiwaka kwa nguvu saa 4 za mwanzo, watu wakiwa bado njiani, kisha ikashuka hadi wati 12, inataka 256. Mtu akipita usiku wa manane ataona shimo na ataona uso wa anayekuja mbele yake. Kwa leo inatosha.

Inawaka. Mlinzi anasogeza kiti chake chini yake, anaangalia juu, ananiangalia mimi.

"Itafika asubuhi?"

"Sijui, mzee. Ikizima, niandikie saa."

Nimemwachia kalamu.