Mijadala ya Darasani Itoke Nje ya Lango la Shule

Ukifuatilia mada ambazo wanafunzi hupewa kujadili darasani, utaona kwamba nyingi huzunguka pale pale: sare, kazi za nyumbani, simu shuleni, shule za bweni na za kutwa. Sababu inayotolewa ni kwamba mwanafunzi aanze na kile anachokijua. Mimi naona mada hizo hupendwa kwa kuwa ni salama, maana kila aliyemo darasani analijua jibu linalotarajiwa, na hakuna atakayesimama kutetea utoro mbele ya mtu mwenye daftari la mahudhurio.

Mwaka 1975 wanaisimu wawili wa Uingereza, Sinclair na Coulthard, walieleza jinsi mazungumzo ya darasani yanavyokwenda: mwalimu huuliza, mwanafunzi hujibu, kisha mwalimu huyo huyo hulipima jibu. Mada za shule huukaza mtindo huo, kwa sababu katika habari za shule mwalimu ndiye mwenye neno la mwisho.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu: hospitalini, ahudumiwe kwanza aliyewahi foleni au aliyezidiwa? Walilirukia jibu jepesi, la aliyezidiwa, hadi mmoja wao, ambaye si msemaji, alipohoji ni nani ataamua kwamba fulani amezidiwa, ilhali kila aliye kwenye foleni anajiona hajiwezi. Hapo ubishi ukaanza kweli kweli, juu ya uaminifu wa mhudumu, juu ya wanaojifanya mahututi, na juu ya mzee aliyekuja peke yake asiye na wa kumsemea. Mimi sikuwa na jibu, nao walitambua hivyo, kwa hiyo wakaacha kunigeukia mimi na kuanza kujibizana wao kwa wao.

Mambo ya nje ya shule yana miiba yake, hasa yanayogusa umaskini au ugomvi wa wazazi. Ndiyo maana mimi huuliza jinsi kazi za nyumbani, kama kupika na kufagia, zinavyofaa kugawanywa katika familia, na kamwe siulizi kwao nani hupika. Atakayetaka kutoa mfano wa kwao atautoa kwa hiari yake.

Wapo wanaohofia kwamba kwa mwendo huu silabasi haitamalizika. Kipindi cha mjadala, hata hivyo, kimekwisha kutengwa kwenye ratiba, na kinachobadilika ni swali tu.