Mistari mitatu niliyoificha

Jumapili usiku, Uyole, hapa Mbeya. Baridi ya Julai imeshika kwelikweli, nimevaa sweta mbili na chai imeshapoa hapa pembeni, ila najua sitalala mpaka niandike hili.

Jana tulikuwa na kikao cha kikoba chetu, kile cha nusu mwaka cha kusomeana mahesabu. Mimi ndo katibu, na tangu mwaka juzi mahesabu nayaweka kwenye Excel maana daftari letu lilinyeshewa na mvua likawa halisomeki. Nikaprinti, nikagawa karatasi. Watu wakaangalia jumla ya chini wakaridhika, isipokuwa bibi yetu mmoja muuza viazi. Yeye jumla ya mtu mwingine haiamini, kalamu anatembea nayo kwenye kitenge, akaanza kujumlisha mtu mmoja mmoja pembeni ya karatasi na sisi tukawa tunamsubiri, dakika kumi, dakika kumi na tano, wengine wameshaanza kupiga stori za bei ya mbolea. Mwisho akainua kichwa akasema, "Mwanangu, mimi napata milioni sita laki nane na arobaini. Wewe umeandika milioni saba laki mbili na sitini na tano. Hii laki nne na ishirini na tano ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia bibi naomba unipe mpaka kesho. Kila mtu akanyamaza, na kwenye pesa za watu ukimya wa namna ile unauma kuliko hata wangenigombeza.

Nimefika nyumbani nimefungua laptopu na nimeliona ndani ya dakika mbili. Kule kushoto namba za mistari zinaenda 16, 17, 18, halafu 22. Hapo katikati kuna kamstari kadogo kamejirudia mara mbili, usipokuwa makini hukaoni. Na kwenye karatasi ndo kabisa huwezi kujua, kwa sababu Excel ukiprinti kawaida haitoi zile namba za pembeni, kwa hiyo bibi wa watu alikuwa anasoma orodha ya watu 28 imenyooka vizuri kabisa wakati ndani ya faili wapo 31.

Niliificha mwenyewe. Mwaka jana kuna akina mama watatu waliacha kuja, mmoja alirudi kwao Tukuyu kumuuguza mama yake, wengine wawili walipotea tu hivihivi, na mimi nikaona wanachafua orodha, kila nikiingiza hisa za wiki navuka nafasi tupu tatu. Kuwafuta niliogopa. Nikachagua mistari yao nikabonyeza Ctrl na 9, wakapotea, orodha ikawa safi. Nikasema nitawarudia, sikuwarudia.

Kumbe kuficha mstari hakuutoi kwenye hesabu. Fomula ya SUM inajumlisha kila kitu kilichopo kwenye eneo lake, kinachoonekana na kisichoonekana. Jumla ilikuwa sahihi muda wote, iliyodanganya ni orodha, na aliyeifanya idanganye ni mimi.

Sasa hapa ndo pananisumbua mpaka saa hizi. Ipo fomula inaitwa SUBTOTAL, unaiwekea namba mbele. Ukiweka 9, mistari uliyoificha kwa mkono inaendelea kuhesabiwa, inayorukwa ni ile tu iliyofichwa na filta, kile kichujio cha Excel. Ukiweka 109, hata uliyoificha kwa mkono inarukwa, inajumlisha yanayoonekana tu. Naijua hiyo fomula, nimeitumia kazini mara nyingi. Ningeiweka pale chini jana asubuhi ingetoka milioni sita laki nane na arobaini, sawasawa na ya bibi, karatasi ingekubali, kikao kingepiga makofi tukanywa chai tukaenda nyumbani. Na laki nne na ishirini na tano za wale akina mama zingekuwa zimetoka machoni mwa watu wote, na mimi mwenyewe pia, maana nilishasahau kama zipo. Nimekaa nalifikiria hilo na naliogopa kweli. Sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo ni watu watatu tofauti, lakini kwenye faili nilikuwa peke yangu.

Nimechagua kuanzia mstari wa 18 mpaka wa 22, nimebonyeza kitufe cha kulia cha mausi, Unhide. Wamerudi. Mstari wa 19, themanini na tano elfu. Wa 20, laki na ishirini. Wa 21, laki mbili na ishirini, huyo ndo wa Tukuyu. Nimejumlisha kwa simu mara mbili, laki nne na ishirini na tano, haijazidi hata mia.

Kuanzia leo kwenye faili la pesa za watu sifichi tena. Nikitaka kufupisha nitatumia Group, unachagua mistari unabonyeza Shift na Alt na mshale wa kulia, ukiikunja inabaki alama ya kujumlisha pale kushoto, na yeyote atakayefungua faili anaona kwamba hapa kuna kitu kimekunjwa, anabonyeza anaona. Na karatasi ya kikao nitaiprinti na namba zake za pembeni, ili bibi akiona 18 inafuatiwa na 22 aniulize palepale.

Leo baada ya ibada nimempitia bibi nyumbani kwake nikamweleza yote, hakunigombeza, aliniuliza tu, "Sasa wenyewe umewapigia?" Nikampigia wa Tukuyu mbele yake. Alinyamaza kidogo halafu akasema alijua zile hela zimeshaliwa, akasema ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, Jumamosi anakuja mwenyewe, hataki itumwe kwa simu, anataka kikao kimsomee jina lake. Wa mstari wa 19 nimempata jioni, yuko Mbalizi.

Wa mstari wa 20 namba yake haipatikani. Bibi anasema kuna ndugu yake anauza ndizi Mwanjelwa, kesho nikitoka kazini naenda kumtafuta. Mstari wake nimeuacha wazi, nimeupaka njano.