Tatu Bila

Niliingia kazini saa tano kasoro dakika kumi usiku, Jumapili ya tarehe 17 Oktoba 2004, na kabla sijavua koti nikajua Mzee hajalala. Taa ya chumbani kwake ilikuwa imezimwa, lakini mwanga wa televisheni ulikuwa unacheza ukutani. Nilipochungulia nilimkuta ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, mkono wa kulia umekamata chuma cha ubavuni mwa kitanda kama abiria aliyesimama kwenye daladala.

"Ngapi ngapi?" nikamuuliza.

"Nne kwa tatu. Wao wanaongoza."

Hakuhitaji kuwataja. Katika nyumba ile ya kutunzia wazee, nje kidogo ya jiji la Boston, "wao" walikuwa Yankees wa New York, na "sisi" walikuwa Red Sox. Ulikuwa mwaka wangu wa pili Marekani. Nilifanya zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi: kuwageuza wasioweza kujigeuza, kubadilisha mashuka, kuitika kengele. Usiku huo pia ulikuwa mwanzoni mwa Ramadhani, na kwenye begi nilikuwa na chupa ya uji na tende zangu za daku.

Nilimwita Mzee tangu wiki ya kwanza. Kwao kumwita mtu mzee ni kama kumtukana, kwa hiyo nikamweleza kwamba kwetu ni heshima. Akalipenda sana jina hilo, akawa analitumia mwenyewe kujitambulisha kwa wageni wake. Alizaliwa mwaka 1919. Red Sox walikuwa wamechukua ubingwa wa besiboli mwaka 1918, na hawakuuchukua tena. Maisha yake yote, miaka 85, aliyaishi ndani ya ukame huo.

Mchezo wenyewe nilifundishwa na dada mmoja wa Jamhuri ya Dominika tuliyefanya naye kazi. Alipanga vikombe vinne vidogo vya dawa juu ya meza ya chumba cha mapumziko, akasema hivi ndivyo vituo, mpigaji anakimbia kimoja baada ya kingine, akirudi alikoanzia ni pointi moja. Kila timu inapiga kwa zamu, zamu tisa. Zikiisha wakiwa sawa, wanaendelea mpaka mmoja ashinde, hata kukicha. Hakuna sare. Hilo la sare lilinishangaza kuliko yote.

Uadui wa timu hizi mbili, kinyume chake, haukuhitaji mwalimu. Mimi nimezaliwa Kariakoo. Nilimwambia Mzee kwamba kwetu timu za namna hiyo tunaziita watani wa jadi, Simba na Yanga, nikamweleza maana ya utani, na akasema kwa Kiingereza hawana neno hata moja linalobeba yote hayo. Naye akanipa yake. Baada ya msimu wa 1919 Boston waliwauzia Yankees mchezaji aitwaye Babe Ruth. Tangu hapo hadi mwaka ule Yankees walikuwa wamechukua ubingwa mara 26, na Boston hawakuwa wamechukua hata mara moja. Watu wakaita laana. Mwaka mmoja kabla ya usiku ninaousimulia, Oktoba 2003, timu hizohizo zilifika mechi ya saba na ya mwisho, wakaingia zamu ya 11 wakiwa sawa, na Aaron Boone wa Yankees akaupeleka mpira wa kwanza aliorushiwa nje ya uwanja. Nilikuwa zamu siku ile pia. Mzee alikaa siku mbili bila kugusa chakula cha jioni.

Baba yangu nilimjua akiwa hivyohivyo. Yeye alikuwa Yanga. Tarehe 19 Julai 1977 alikuwa uwanjani Simba walipoifunga Yanga sita bila. Alitoka baada ya bao la nne, akaenda nyumbani kwa miguu, na mabao mawili yaliyobaki akayasikia kwa majirani. Kwa miaka yote niliyokua naye, kilichomuuma zaidi ya zile sita ni kule kutoka. "Niliwaacha vijana uwanjani," alikuwa akisema, kana kwamba aliwatupa watoto wake.

Basi Oktoba ile ya 2004 watani wa jadi wakakutana tena, anayefikisha ushindi wa nne katika mechi saba anapita kwenda fainali. Yankees wakashinda ya kwanza, wakashinda ya pili. Jumamosi, ndani ya Fenway Park, uwanja wa Boston wa tangu 1912, wakashinda ya tatu 19 kwa 8. Tatu bila. Hadi siku ile, katika historia yote ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani hakukuwa na timu iliyowahi kuwa nyuma tatu bila kisha ikapita.

Chumba kinachotazamana na cha Mzee alikaa bibi mmoja mzaliwa wa Bronx. Kofia yake ya Yankees ilining'inia kwenye mkono wa kiti chake cha magurudumu. Asubuhi ya Jumapili, nikiwa namalizia zamu, nilimwona akijisukuma mwenyewe taratibu mpaka mlangoni kwa Mzee, akasimama, akanyoosha vidole vitatu, akaondoka. Hakusema neno. Mzee alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Kwa hiyo usiku huo nilipomkuta macho, na kanuni inasema televisheni zizimwe saa nne, nilipunguza sauti na kurudisha mlango. Nesi wa zamu aliona, akapita.

Nikawa nakwenda na kurudi. Namgeuza mgonjwa wa chumba cha tano, narudi, bado nne kwa tatu. Nabadilisha shuka chumba cha nane, narudi, bado. Zamu ya tisa ilipofika, ya mwisho kwa Boston, aliyekuwa anarusha ni Mariano Rivera, ambaye Yankees walimwingiza tangu zamu ya nane. Mpanama huyo ndiye alikuwa mfungaji mlango wao, na mlango akishaufunga ulikuwa haufunguki. Miaka mingi baadaye alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, hakuna mpiga kura hata mmoja aliyemkataa. Mzee alilijua hilo kabla ya wapiga kura.

Rivera akamrushia Kevin Millar mipira minne isiyofaa, Millar akapewa kituo cha kwanza bure. Hapo Boston wakamtoa, wakaingiza mkimbiaji, Dave Roberts. Nikaona mkono wa Mzee unakaza kile chuma mpaka vifundo vikawa vyeupe.

"Ataiba kituo," akasema kwa sauti ya chini. "Anajua yeye, anajua Rivera, wanajua watu wote waliomo uwanjani, na mimi kitandani hapa ninajua. Na bado lazima aibe."

Rivera akageuka, akarusha mpira kituo cha kwanza kumzuia. Roberts akarudi. Akarusha tena. Akarudi. Mara ya tatu. Kisha akamrushia mpigaji, na Roberts akatoka mbio kuelekea kituo cha pili. Mdakaji wa Yankees, nyuma ya mpigaji, akaunyaka na kuuvurumisha huko. Kwa kitambo hicho nilikuwa nimesimama na taulo lenye maji mkononi, linadondosha matone kwenye viatu vyangu, wala sikujali. Roberts akajitupa kifudifudi, mkono mbele, vumbi likaruka, na Derek Jeter wa Yankees akamgusa na mpira akiwa ameshafika. Amefika kwa kiasi cha upana wa kiganja. Refa akatandaza mikono: salama.

Mpigaji, Bill Mueller, akaupeleka mpira katikati kabisa, ukampita Rivera miguuni. Roberts akazunguka kituo cha tatu, akarudi nyumbani. Nne nne.

Mzee hakupiga kelele. Alivuta pumzi ndefu iliyokuwa na mtetemo ndani yake, nikamshika bega nikidhani ni kifua. Akatikisa kichwa. "Niko sawa. Kaa kidogo."

Sikuweza kukaa, kengele ziliita. Zamu ya kumi, ya kumi na moja. Nilikuwa korido wakati wa zamu ya 12, na habari niliipata kwa yule dada wa Dominika, aliyekuwa anasikiliza redio ya Kihispania kwa sikio moja. Alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na bado sauti ikapenya: "Papi!" David Ortiz, wa kwao, alikuwa ameuvusha mpira upande wa kulia na mwenzake yuko kituoni. Sita kwa nne. Saa saba na dakika 22 usiku, mechi iliyochukua saa tano na dakika mbili.

Nilipoingia kwa Mzee, mkono ulikuwa umekiachia kile chuma. Umelala juu ya blanketi, wazi, na alama nyekundu ya chuma imepita katikati ya kiganja.

"Moja," akasema. Basi.

Kengele ya chumba cha mbele ikaita. Bibi alikuwa amelala chali, macho wazi gizani.

"Nimesikia kelele. Nani?"

"Boston, bibi. Sita kwa nne."

"Ortiz?"

"Ndiyo."

Akanyamaza kidogo. "Mpelekee maji. Akitazama mpira husahau kunywa."

Nikampelekea. Nikakaa hapo nje ya milango yao miwili mpaka ulipofika wakati wa daku, nikala tende zangu.

Asubuhi nilipotoka nilinunua kadi ya simu ya dola tano nikampigia baba. Dar es Salaam ilikuwa saa nane mchana, yuko dukani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefunga?"

"Nimefunga."

Nikamsimulia yote, vituo, wizi wa Roberts, vidole vitatu vya bibi. Besiboli hakuwahi kuiona. Alisikiliza mpaka mwisho, nikisikia pikipiki zikipita Kariakoo nyuma yake.

"Walikuwa tatu bila, sasa wamepata moja?"

"Ndiyo baba."

"Na huyo mzee ana miaka mingapi?"

"Themanini na mitano."

Kimya. Nilidhani dakika za kadi zimekwisha.

"Mwambie asizime redio," akasema.

"Ni televisheni, baba."

"Basi asiizime."

Jioni ya Jumatatu hiyohiyo walicheza mechi ya tano, zamu 14, karibu saa sita nzima, na Ortiz tena ndiye aliyeimaliza. Jumanne, New York, Curt Schilling wa Boston alirusha akiwa ameshonwa kifundo cha mguu, soksi ina damu. Tatu tatu. Wiki iliyofuata Boston waliwafunga St. Louis nne bila wakachukua ubingwa, na siku zile watu walibeba kofia na bendera ndogo kwenda makaburini kwa baba na babu zao waliokufa wakisubiri. Binti wa Mzee naye alikwenda, kofia ya baba yake akaiweka kwenye kaburi la babu yake. Nililikumbuka hilo Novemba 2023, Yanga walipoifunga Simba tano kwa moja. Baba alikuwa ameshalala makaburini Kisutu. Nilimpigia mdogo wangu nikamwomba aende, amsomee Fatiha, kisha amwambie matokeo kwa sauti.

Lakini usiku ninaourudia zaidi ni ule wa Jumatano, tarehe 20, mechi ya saba. Johnny Damon wa Boston alivusha mpira katika zamu ya pili wakati vituo vyote vimejaa, na tangu hapo hakukuwa na mchezo tena: kumi kwa tatu. Ilipokwisha, usiku wa saa sita, Mzee aliniomba kiti cha magurudumu. Nikamvika koti la kulalia, nikamsukuma. Alikuwa ameshanyoosha vidole vinne, amevilaza gotini tayari.

Tulivuka korido mpaka mlango wa mbele. Ulikuwa umefungwa. Chini yake, kwenye upenyo, mwanga wa televisheni ulikuwa unacheza, na ilisikika sauti ndogo ya mtangazaji na umati. Mzee akatega sikio. Nikasubiri aniambie nibishe hodi.

Akavikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Amelala," akasema. "Turudi."