Mti wa Plamu wa Michizane
Usiku wa kuamkia leo nimekesha nikisoma habari za Sugawara no Michizane wa Japani, na moyo wangu bado ni mzito. Mwanazuoni huyu, aliyezaliwa mwaka 845 katika ukoo wa wasomi, alipandishwa vyeo na Mfalme Uda, na kufikia mwaka 899, chini ya Mfalme Daigo, alikuwa Waziri wa Kulia, mmoja wa mawaziri wa juu kabisa wa mfalme, jambo lililowachoma sana Fujiwara, ukoo wenye nguvu katika ikulu. Mwaka 901 alisingiziwa njama dhidi ya mfalme, akapelekwa uhamishoni Dazaifu, katika kisiwa cha Kyushu, akafia huko mwaka 903. Kilichoniliza ni shairi lake la kuuaga mti wa plamu wa nyumbani kwake, akiusihi umpelekee harufu ya maua yake upepo wa mashariki utakapovuma.