Wa pili

Binti ninayemfundisha mita 1500 alipitwa hatua chache kabla ya utepe kwenye mashindano ya mkoa, na tangu siku hiyo akija Uwanja wa Jamhuri unakuja mwili tu. Leo jioni tulikaa jukwaani, upepo wa kiangazi wa hapa Dodoma ukitupiga vumbi usoni, akaniambia, "Kocha, kila nikifumba macho namwona ananipita."

Sikumwambia asahau. Naamini tunawaumiza vijana wetu kwa kuwaharakisha, neno pole halijatoka vizuri mdomoni, tumeshaongeza "usikate tamaa, kaza buti." Aliyeumia aachwe aumie kwanza. Nilimwomba anisimulie mbio nzima tangu mwanzo, siyo zile hatua za mwisho peke yake. Alipofika mzunguko wa tatu akasita: "Hapo ndipo nilianza kugeuka kumtazama."

Nilifurahi kusikia hivyo. Kupitwa hakuna zoezi lake. Kugeuka kuna zoezi.

Nikamtajia Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii hii. Aprili 1988 kwenye marathoni ya Boston aliachwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde 1, baada ya kilomita 42. Mwaka uliofuata akarudi, akawa wa pili tena. Novemba 1989 akashinda New York kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile wakati huo. Wengi wakisimulia huishia hapo, kwa sababu hapo panapendeza. Mimi sipendi kuishia hapo. Aprili 1990 alikwenda Boston kwa mara nyingine, na kwa mara ya tatu mfululizo akawa wa pili. Ndiyo maana simwahidi binti huyu kwamba akivumilia atashinda. Anaweza kuvumilia na bado akapitwa, na lazima awe na kitu cha kushika siku hiyo pia.

Kitu chenyewe ni kidogo: akisikia vishindo nyuma, macho kwenye kona inayofuata, mabega chini, pumzi nje. Mambo matatu, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Akili itatoroka tu, ya kila mtu hutoroka. Anairudisha bila kujigombeza, kwa sababu kujigombeza nako ni kutoroka. Na hayo hayafundishwi kwa maneno asubuhi ya mashindano. Yanafanyiwa mazoezi akiwa amechoka, miguu mizito, mtu anamkaribia kweli.

Nilimkumbusha pia jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu. Agosti 2024 alikuwa wa 17 kwenye Olimpiki ya Paris. Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani pale pale mwishoni kwa sekunde 0.03.

Nilidhani atatabasamu. Akauliza, "Na yule Mjerumani, kocha, naye anafumba macho anamwona Simbu?"

Nikamwambia huenda, mwanangu. Na huenda kesho yake alifunga kamba za viatu akatoka kukimbia.

Kesho nitamtanguliza mbele, vijana wawili wamfuate kwa zamu mizunguko yote, wamkaribie watakavyo. Ameomba mmoja wao awe yule anayevuta pumzi kwa kelele.